Paja la Kuku Mkononi mwa Senje

Al Wukair, Doha
2 Septemba 2025

Senje wangu,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa nimekalia katoni ya mafuta ya kupikia, maana viti havijaletwa na miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa. Ningekupigia simu kama wenzangu wanavyowapigia watu wao, lakini wewe na mimi tunajua simu na masikio yako vilishaachana. Kwa hiyo nitaandika, nipige picha, Eugene akuchapishie pale dukani kwake Luanda, na ukijibu umpe yeye anitumie. Eugene, najua unasoma. Msalimie mama yako.

Habari yenyewe ni hii: nimepata mkahawa. Si kile chumba nilichokuwa nikipikia walinzi na madereva, hapana, mkahawa wenye meza kumi na mbili, mlango wa kioo na choo cha wateja. Miaka kumi na moja nimekuwa huku, nikifagia nyumba za watu, nikiosha masufuria ya hoteli, nikipika kwenye chumba kisicho na dirisha. Sasa nina dirisha. Nimechoka kiasi kwamba furaha yenyewe naiona kwa mbali, lakini naamini itafika nikishalala.

Nimeuita Kwa Senje Milcah. Wateja wasio wa kwetu wananiuliza senje ni nani, nawaambia ni dada ya baba, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kuku. Chakula ni kile cha nyumbani kwetu Emuhaya: ugali wa wimbi, mboga za mrenda na saga, na kuku wako. Huyo kuku ndiye anayewaleta. Ijumaa wanatoka hata kambi za mbali, wanashuka basi wakiuliza, "Kuku wa yule mama yuko?"

Sasa angalia picha niliyoambatanisha. Kuna kijana anaitwa Cyrus, analinda jengo moja mjini na ana mkono wa kuchora. Amekuchora ukuta mzima, umekaa jikoni kwenye kigoda chako, umeshika paja la kuku, unacheka. Chini yake nitaandika maneno haya: "Senje aliwapakulia wageni wote, kisha akaketi jikoni akala sehemu yake kwa raha." Watu watapenda.

Tunafungua rasmi Ijumaa, tarehe kumi Oktoba. Naomba kitu kimoja tu. Niandikie mistari michache ya baraka kwa mkono wako, niiweke kwenye fremu mlangoni. Bila neno lako hapa ni jiko tu kama majiko mengine niliyopikia.

Mwanao,
Phoebe

*

Emuhaya
9 Septemba 2025

Mwanangu Phoebe,

Barua nimeipata. Eugene aliichapisha herufi kubwa, nadhani anafikiri macho nayo yamefunga.

Huku mvua imepungua. Mahindi ya chini nimevuna, ya juu yamebaki kidogo. Goti la kushoto linaniuma nikishuka mtoni. Kanisani wamebadilisha siku ya akina mama ikawa Jumatano, na hakuna aliyenieleza, nikaenda Alhamisi nikawakuta mafundi wa paa.

Nimefurahi kwamba una dirisha.

Picha nimeiona. Huyo mama si mimi. Mwambie huyo kijana apake rangi juu yake. Jina nalo si lazima liwe langu. Yako majina mengi mazuri, na hata jina lako mwenyewe ni zuri, nililichagua mimi. Ukiandika Kwa Phoebe watu watajua wamlaumu nani wakiumwa tumbo.

Baraka nitakuombea kanisani, hiyo haina haja ya fremu.

Loweka miguu kwenye maji ya chumvi ya moto.

Senje wako,
Milcah

*

Al Wukair
14 Septemba 2025

Senje,

Umenifanya nicheke, kisha nikakaa nikawaza, huyu amekasirika. Nimekujua miaka thelathini na minne. Ukianza kunieleza habari za mahindi ya chini na ya juu kuna jambo.

Kama ni sura, nitamwambia Cyrus akupunguze mashavu. Kama ni watu wa nyumbani wamesema ninajionyesha, waambie waje waoshe masufuria haya. Na kama unadhani nimewaharibia watu chakula chako kwa kuku wa friza, hapo ondoa wasiwasi kabisa. Kuku wa friza huku huja bila firigisi, na mimi najua kuku bila hiyo imondo mezani kwetu ni matusi. Kwa hiyo nawafuata wazima shambani Umm Salal, safari ya saa nzima na zaidi, wanachinjwa pale, nami nasimama hapohapo mpaka nirudishiwe kila firigisi. Wale wachinjaji wananiita Mama Firigisi.

Tena desturi ya kumpa imondo mwanamume mkubwa naishika hata kuliko ninyi wa nyumbani. Mtu akiagiza kuku mzima, Owen, kijana wangu wa mezani, anamleta na imondo juu ya vipande vyote, anauliza kwa sauti, "Mzee wa meza ni nani?" Akionyeshwa, anampakulia yeye, na wenzake wanapiga makofi. Wanaipenda sana hiyo. Mlinzi mmoja wa Butere alitokwa na machozi, akasema hajapewa imondo tangu baba yake afariki.

Ijumaa iliyopita tulicheka. Alikuja muuguzi mmoja, Chelsea, ni wa kwetu lakini amezaliwa Nairobi. Alikuja peke yake akaagiza kuku mzima. Owen akamletea, imondo juu, kisha akakwama, maana mezani hakuna mwanamume. Wazee wa meza ya pili wakamwita, "Kijana, lete hiyo huku, hiyo si ya huyo." Owen akaniangalia. Nikamwashiria aipeleke. Wazee wakapiga makofi kama wako harusini. Yule binti akatazama sahani yake, akalipa, akaondoka bila kugusa hata ugali. Hawa wa Nairobi hawajui kwao. Nilimfungia kuku wake amchukue, akakataa.

Basi unaona, sijapoteza chochote ulichonifundisha. Naomba ile mistari, Senje. Fundi wa kibao cha jina ameshaanza.

Phoebe

*

Emuhaya
20 Septemba 2025

Phoebe,

Nimemwambia Eugene akisoma hii nitamweleza mama yake ni nani huiba kalamu za Sunday school. Kaa chini usome polepole.

Sijawahi kula kuku.

Sisemi sipendi. Nasema sijawahi. Nina miaka sabini na minne, na nimepika kuku nisioweza kuwahesabu, na nyama yake haijapita kooni mwangu.

Nilipokuwa msichana kuku alikuwa wa wanaume. Mwanamke alipika, akapakua, akarudi jikoni akala mboga. Nilikuwa na miaka tisa siku moja nililamba mwiko. Ni mwiko tu, mchuzi ulikuwa unadondoka. Baba yangu aliniona kutoka mlangoni, na sebuleni kulikuwa na wazee wa kanisa wakingoja kula. Hakunipiga. Aliwaambia wazee, "Msichana wangu ametia ulimi chunguni," akachukua chungu chote akawamwagia mbwa uani, na wazee wakaenda nyumbani na njaa, mmoja mmoja wakinitazama. Afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo napika kwa pua na kwa kutazama nyuso za wanaokula.

Baadaye mambo yalilegea. Wachungaji walihubiri, wenzangu wakaanza kula, dada zangu wakala. Mimi mwanzo niliogopa, kisha nikazoea, kisha nikawa mkaidi nikingoja mtu aniulize. Hakuna aliyeuliza. Baba yako amekula kuku wangu miaka thelathini, akanisifu mbele za watu, na hajawahi kusema, "Dada, na wewe je?" Mazishi ya babu yako nilinyonyoa kuku arobaini na kuwababua juu ya moto mpaka vidole vikafanya malengelenge, watu wakasema mkono wa Milcah, mkono wa Milcah. Nilienda kulala na chai.

Wewe ulikula. Hilo nilihakikisha. Paja nililokuwa nikikupa mlangoni mwa jikoni nililiondoa kwenye sahani ya baba yako kabla haijaenda mezani, nikapanga mabawa yafunike pengo. Ulikuwa unakula unaongea, wala hukutazama mikono yangu. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini sasa wewe ni mtu mzima na umenichora ukutani nimeshika paja, ninacheka, "kwa raha." Unanilisha kwenye ukuta kitu ambacho hamkunilisha nikiwa nanyi.

Na huyo muuguzi. Amefanya kazi, amelipia kuku wake, amekaa kwenye meza yake, nawe ukampokonya imondo ukawapa wanaume wa meza nyingine, wakapiga makofi. Kisha ukaniandikia nicheke. Baba yangu angefurahi sana kukaa katika mkahawa wako. Mkahawa huo ni wake, si wangu. Andika jina lake. Andika Kwa Mzee Laban.

Langu liondoe. Nimechoka, Phoebe. Nimechoka kwa muda mrefu, na sitaki kuchoka hata ukutani.

Milcah

*

Al Wukair
29 Septemba 2025

Senje,

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa kwenye magunia ya vitunguu, wateja wakiita nje. Nilitoka nikapakua ugali. Siku tisa zimepita.

Kibao nimekiteremsha. Kiko nyuma ya friji, kimeegemea ukuta. Cyrus nilimwambia afute lile paja tu, akalifuta, ukabaki umenyoosha mkono mtupu, ukaonekana kama mtu anayeomba. Nikashindwa kukutazama. Nikamwambia apake yote nyeupe. Kwa hiyo sasa kuna ukuta mweupe kuliko kuta nyingine, na kila mteja anauliza yule mama amekwenda wapi.

Nimejaribu kukukumbuka ukila. Nimejaribu kweli, usiku hadi asubuhi. Nakuona ukisonga, ukipakua, ukipangusa meza, ukisukuma kuni kwa mguu. Nakuona ukinywa chai. Kuku mkononi mwako sikumbuki hata siku moja, na bado nilikuwa tayari kuapa kwamba nilikuona. Naona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Lakini nina hasira pia, acha niiseme. Ulikuwa na miaka yote hiyo ya kuniambia. Nilikuja likizo mara tatu, tukachinja mara tatu, ukanipikia, nikala mbele yako. Kwa nini uliniacha nikale? Mimi huku, kila nilipoona dunia imenielemea, nilijiambia kwamba nimebeba kitu kimoja kizuri kutoka nyumbani, na hicho hakuna bosi anayeweza kuninyang'anya. Sasa hata hicho sijui ni nini. Jana nilisimama mbele ya sufuria nikasahau kinachofuata baada ya vitunguu.

Owen nimemkataza kuuliza mzee wa meza. Kuku anakaa alipoagizwa. Wazee wawili wamenuna, wamehamia kwa Mpakistani wa kona ile. Chelsea nilimtafuta mpaka nikajua anafanya zamu Al Wakrah. Nilimngoja kituo cha metro na kuku kwenye mkebe, imondo juu. Aliniambia asante, ila siku hizi hali kuku wa nje. Sikujua kama ni kweli au alinionea huruma. Nilirudi na mkebe kwenye basi, ukanukia njia nzima.

Senje, sitaki jina la babu mlangoni mwangu. Langu nalo silitaki, maana hakuna nilichobuni hapa, nilikuiga wewe tu. Alhamisi tarehe tisa lazima kibao kiwe juu. Nisipopata neno lako nitaandika Mkahawa, basi, kama duka lisilo na mwenyewe. Nikubalie au unikatalie, lakini usininyamazie tena. Nakuomba unisamehe.

Phoebe

*

Emuhaya
7 Oktoba 2025

Mwanangu,

Uliuliza kwa nini nilikuacha ukale. Kwa sababu ulikuwa unakula vizuri. Hiyo ndiyo sababu yote. Kungekuwa na mtu mmoja katika nyumba ile anayekula kuku wangu bila kujua lolote, nilitaka awe wewe. Na nilipokwisha kukunyamazia miaka kumi, nikaona aibu kuanza. Kosa la hapo ni langu, usilibebe.

Jana nilimwita Eugene aje achinje yule jogoo mwekundu. Akaniandikia kwenye simu yake kuuliza wageni ni wangapi. Nikamwambia ni mmoja. Akaangalia njia kuona nani anakuja.

Nilinyonyoa, nikambabua, nikampika kama ninavyopika siku zote, bila haraka na bila kuonja. Nikatandika kile kitambaa cha meza cha Krismasi. Nikavuta kiti cha baba yangu, kile chenye mikono, ambacho bado kiko hapa na hakuna anayekikalia ila paka. Nikajipakulia. Nikaomba. Nilitazama mlangoni mara mbili nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu wa kaka.

Nilianza na firigisi. Ni ngumu, Phoebe. Nilitafuna mpaka taya likauma, nikingoja itakuwa tamu lini, nikameza haijawa. Nikakaa nikiitazama sahani. Hiki ndicho walichokuwa wakipigiwa makofi. Nikasikia hasira ikipanda, na baada yake nikalia kidogo, si kwa huzuni, ni uchovu tu uliokuwa umepata mahali pa kukaa.

Halafu nikala paja. Nyama ni laini, hapo sikatai, na ule moshi wa kubabua unasikika vizuri sana. Nikachovya ugali kwenye mchuzi.

Mwanangu, ina chumvi mno.

Nikadhani ni siku hiyo tu mkono umeteleza. Nikachovya tena. Chumvi tupu. Nilipima kwa kiganja kilekile, kama nilivyopima tangu nikiwa na miaka tisa, kama nilivyokufundisha wewe. Ndipo nikamkumbuka baba yako akila na jagi la maji kando, akilimaliza, akiita lingine. Nikawakumbuka wachungaji wakifuta midomo wakiomba maji. Miaka sitini na mitano, wakubwa kwa wadogo, wote mmekula, mmenisifu, mmekunywa maji, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Wengine labda waliogopa kwamba nitaacha kupika. Wewe naona ulidhani hivyo ndivyo kuku alivyo.

Nilicheka peke yangu kwenye kiti cha baba yangu mpaka paka akatoka nje.

Mgongo na bawa moja nimevifunika kabatini. Nitavila kesho na sitamgawia mtu, hata Eugene, ambaye amepita hapa leo mara tatu bila shughuli.

Ukuta uache mweupe. Baraka ya kuweka kwenye fremu sina. Wanawake wakija uwape kuku wao wote na uwaache wale kwa amani, wala usiwapigie makofi, hayo nayo yatawachosha. Na wewe mwenyewe uwe unakaa chini kula, mezani, si kwenye katoni.

Kibao kitoe nyuma ya friji ukipandishe. Jina langu liache kama lilivyo, maana sasa nimekula na najua ninachopika.

Chumvi tia nusu.

Senje wako,
Milcah